Ngarambe Haikuasi

Ngarambe ni kijiji cha Rufiji ya ndani, magharibi ya barabara kuu inayotoka Kibiti kwenda Lindi, kwenye ukingo wa pori ambalo kwa miaka mingi liliitwa Selous. Huko aliishi Kinjikitile Ngwale, na huko yalianzia maji ambayo kabla ya 1905 kwisha yalikuwa yamefika hadi Ungoni. Mtoto wa shule ya msingi anajifunza habari hizo kwa jina la Vita vya Maji Maji. Akiingia sekondari, lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza, na vita vile vile vinageuka kuwa Maji Maji rebellion. Watu ni wale wale na miaka ni ile ile, ila sasa mtoto anaandika kwenye daftari kwamba babu zake waliasi. Akirudi kwenye Kiswahili baada ya miaka minne ya kuandika hivyo, utamsikia mwenyewe akisema "uasi wa Maji Maji" bila kushtuka.

Mimi nashtuka. Nimewahi kulitetea jina la vita mbele ya walimu, wanafunzi na wasomaji wa historia, na majibu ninayopewa hayatofautiani sana. Nayachukua hapa moja moja, kwa sababu watu wanaoyatoa wana akili zao timamu na wanastahili kujibiwa.

Kwanza tuliangalie neno rebellion. Waingereza hulitumia kila siku, tena kwa mambo madogo: kijana anayemkaidi mama yake, wachezaji wanaomgomea kocha, wabunge wanaopiga kura kinyume cha chama chao. Katika yote hayo yupo mtu aliye juu ambaye haki yake ya kutiiwa inajulikana, na kosa ni la aliyeikataa. Asili yake ni Kilatini. Bellum ni vita, na Warumi waliposema rebellio walimaanisha vita vinavyoanzishwa upya na watu waliokwisha kushindwa. Uasi wetu nao, tulioupata kwa Kiarabu, umekaa nyumba moja na maasi, yaani dhambi. Mtu humwasi Mungu, humwasi mzazi wake, humwasi mfalme aliyemkubali. Hawezi kumwasi mgeni aliyeingia uani usiku na bunduki.

Jibu la kwanza ninalopewa ni kwamba rebellion ni istilahi tu ya wanahistoria, haina upande. Lingekuwa kweli kama Waingereza wenyewe wangelitumia kwa usawa. Tarehe 23 Agosti 1775 Mfalme George wa Tatu alitoa tangazo kwamba makoloni yake ya Amerika yamo katika rebellion. Kwa sheria ya wakati ule alikuwa sahihi kabisa: walowezi wale walikuwa raia wake, wanazungumza lugha yake, wanaishi kwa hati zilizotolewa na wafalme waliomtangulia. Wakamshinda. Leo Waingereza na Wamarekani wanaiita vita ya uhuru au mapinduzi, wala si rahisi kukuta kitabu cha shule cha Marekani kinachosema George Washington alikuwa kiongozi wa waasi. Kule India mapigano ya 1857 yaliitwa na Waingereza maasi ya askari, na Wahindi wengi wameyaita vita vyao vya kwanza vya uhuru. Neno linakwenda na aliyeshinda. Kwetu alishinda Gustav Adolf von Götzen, gavana wa Kijerumani, naye akaandika kitabu kuhusu vita vile kilichotoka Berlin mwaka 1909, na kwenye jina la kitabu akaweka Aufstand, uasi. Waingereza walipoichukua Tanganyika wakachukua na neno. Mwaka 1950 R. M. Bell aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya Maji Maji ya Liwale, na kichwa cha makala kikasema rebellion, ingawa serikali ya Uingereza haikuwa imeasiwa na mtu yeyote kule Liwale mwaka 1905.

Jibu la pili lina uzito zaidi, nalo ni la kisheria. Wanasema: ukipenda usipende, nchi ile ilikuwa koloni la Ujerumani, kwa hiyo aliyeinua mkuki dhidi ya serikali aliasi.

Tuone hiyo haki ilitoka wapi. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za watu kwenye karatasi za Kijerumani ambazo hawakuweza kuzisoma. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari akampa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Hata tukizikubali karatasi za Peters zote, hakuna hata moja iliyotiwa alama Umatumbi wala Ngarambe, hakupita huko. Nchi ya kusini iliingia mikononi mwa Wajerumani kwa makubaliano yao na Waingereza ya mwaka 1886, ambapo Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 na nyuma yake mataifa mawili ya Ulaya yakagawana. Mei 1890 Hermann von Wissmann akaiteka Kilwa kwa mizinga. Mwaka huo huo Sultani akalipwa marki milioni 4 ili aachie ukanda wa pwani. Ngarambe iko ndani zaidi ya maili 10 kutoka baharini, kwa hiyo hata kile alichouza Sultani hakikuwa Ngarambe.

Hapa ndipo Kilatini cha Warumi kinapotusaidia. Ili vita viwe rebellio, lazima pawe na vita vya kwanza ambavyo watu walishindwa. Wahehe walipigana vita hivyo tangu Lugalo, Agosti 1891, hadi Mkwawa alipokufa 1898. Hassan bin Omari Makunganya alipigana akanyongwa Kilwa mwaka 1895. Lakini watu wa vilima vya Matumbi na bonde la Rufiji walishindwa lini? Hawakuwa na mfalme aliyesalimisha upanga, wala mkataba waliouvunja. Walichoona ni akida aliyeletwa kutoka pwani, kisha kodi, kisha pamba. Vita vyao vya kwanza na Ujerumani kama nguvu nzima ndivyo hivi hivi vya 1905. Anayeviita uasi anahesabu ushindi ambao haukuwahi kupatikana.

Nakubali kwamba hoja hii haikai sawasawa kila mahali. Kulikuwa na watu wa pwani waliokuwa wametumikia boma kwa miaka, na majumbe waliokuwa wakipokea mshahara wa Kijerumani kabla hawajageuka. Kwa mtu kama huyo neno uasi lina pa kushika. Kwa mkulima wa Ngarambe halina.

Ndipo huja jibu la tatu: basi walikwisha kutii, kwa maana walikuwa wakilipa kodi na kulima pamba. Mtu anayelipa kodi amekubali serikali.

Kodi ya nyumba ilianza 1898, rupia 3 kwa mwaka, na mwanzoni watu waliweza kulipa kwa nafaka au kwa kazi. Machi 1905, miezi michache tu kabla ya vita, serikali ikabadili utaratibu na kutaka fedha taslimu. Pamba ilikuja kuanzia 1902 kwa mpango wa mashamba ya pamoja: kila jumbe au akida alitengewa shamba, na watu wa eneo lake walipelekwa kulilima kwa zamu. Shamba hilo halikuwa lao, mavuno hayakuwa yao, na malipo yalikuwa madogo hata mahali pengine watu wakakataa kuyapokea. Kiboko kilikuwepo. Zamu ziliangukia siku zile zile ambazo mtu alitakiwa awe shambani kwake akipanda mtama na mpunga au akilinda visiliwe na nguruwe na tembo. Kulinda huko nako kulikuwa kumetiwa ugumu: tangu 1896 Wissmann alitoa amri ya kuzuia uwindaji na kutenga mapori ya wanyama, moja likiwa upande huu wa Rufiji. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameeleza vizuri jinsi nguruwe, njaa na kazi za kulazimishwa vilivyokutana katika vijiji vya Uzaramo kabla ya vita. Anayelima Ngarambe leo, akikesha juu ya dungu na kibiriti na debe la kupigia tembo, hahitaji kuelezwa hesabu hiyo.

Kulipa chini ya kiboko hakumfanyi mtu kuwa raia. Ukimwona mtu anampa jambazi pochi yake, husemi amekubali kutawaliwa, na siku akimpiga jambazi rungu husemi ameasi.

Jibu la nne huwa linatolewa kwa sauti ya huruma, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Linasema: lakini hayo hayakuwa vita, ilikuwa ni watu maskini waliodanganywa na mganga kwamba risasi zitageuka maji. Vita vinahitaji mpango.

Mpango ulikuwepo, na ulianzia hapo Ngarambe. Simulizi alizozikusanya mwanahistoria Gilbert Gwassa kwa wazee miaka ya 1960 zinaeleza kwamba mwaka 1904 Kinjikitile alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akavutwa hadi kwenye kidimbwi cha mto akatumbukia. Ndugu zake walijaribu kumshika wakashindwa, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Watu wakaanza kumiminika. Ikajengwa nyumba kubwa iliyoitwa kijumba-nungu, nyumba ya Mungu, na wageni wakaambiwa kwamba waliokufa watarudi na kwamba watu wa Rufiji, Umatumbi na Ungindo ni wamoja. Habari hizo zilisafiri kwa kunong'onezana, kikundi kwa kikundi, na kwa Kimatumbi zikapata jina la njwiywila, maneno ya siri. Kwa karibu mwaka mzima watu walikwenda Ngarambe na kurudi, kwa mamia, wakapewa maji na kufundishwa mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda, na boma la Kilwa halikufahamu kinachoandaliwa. Kinjikitile aliwaambia wasubiri. Wamatumbi walichoka kusubiri, na Julai 1905 kule Nandete Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wakang'oa miche ya pamba, ishara ya kutangaza vita. Siku chache baadaye akida wa Kibata amekimbia na maduka ya Samanga yanaungua. Katikati ya Agosti boma la Liwale likaanguka. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walikuwa mbele ya boma la Mahenge.

Serikali kuu haikuwepo, ni kweli. Umatumbi na Ungindo hazikuwa na mfalme. Ndiyo maana ujumbe ulibebwa na mahongo, watu waliotumwa kila upande na maji na maagizo, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuwaunganisha watu ambao kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake. Kukosa mfalme hakukuwazuia kupanga, na ikiwa jeshi lisilo na mfalme haliwezi kupigana vita, basi makaburu wa Afrika Kusini, wakulima waliopigana kwa vikosi vyao vya wilaya na jamhuri zao ndogo, nao hawakupigana vita na Uingereza kuanzia 1899. Lakini vile vinaitwa Boer War, na hakuna anayepinga.

Na maji yenyewe? Yalikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Yalinywewa, yalinyunyizwa mwilini, na wapiganaji walivaa mabua ya mtama kichwani. Watu wa Rufiji walikuwa wakienda kwa Bokero na waganga wengine wa mto kutafuta dawa ya mvua na ya mashamba muda mrefu kabla ya 1905. Maji ya Kinjikitile yalitoka katika mazoea hayo na yakaongezewa kazi ya vita. Waliyaamini, sina sababu ya kuficha hilo. Waliyaamini hadi walipofika mbele ya bombomu la Mahenge na wenzao wakaanguka kwa safu. Sasa fikiria kinachofuata, kwa maana ndicho kinachojibu dai hili. Kama vita vile vilikuwa ni udanganyifu wa maji tu, vingekwisha Agosti 1905. Kinjikitile mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa Mohoro mwanzoni mwa mwezi huo. Maji yameshindwa, aliyeyatoa amekufa, na bado watu waliendelea kupigana kwa kuvizia msituni. Abdalla Mapanda wa Liwale alipigana hadi alipouawa Januari 1907. Mtu anayejua kwamba dawa haizuii risasi na bado anarudi porini na gobori lake ana jambo lake analolipigania.

Neno la Kiingereza linalotumika hapo, magic, linafanya kazi moja na rebellion. Moja linamwondolea mpiganaji haki, jingine linamwondolea akili.

Kunyongwa kwa Kinjikitile kunanirudisha kwenye jibu jingine, lile la watu wasiopenda malumbano: jina lina uzito gani, waliokufa wamekufa. Lina uzito kwa waliokufa wenyewe, kwa maana jina ndilo lililoamua wafe vipi. Kinjikitile alinyongwa kama mhaini, na uhaini ni kosa la raia. Ujerumani ilikuwa imetia saini mkataba wa The Hague wa 1899 unaoagiza kwamba mateka wa vita watendewe utu, lakini mkataba huo ulihusu vita baina ya nchi zilizotia saini. Mtu wa Ngarambe au Ungoni hakuhesabiwa kuwa adui aliyetekwa vitani. Alihesabiwa kuwa mwasi, na mwasi ana kamba. Songea, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa Wangoni zaidi ya 60 pamoja, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Siku chache baadaye akanyongwa Nduna Songea Mbano, na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Wazao wake bado wanakidai.

Upande wa pili hawakuona haya kuita vita. Mwaka 1912 Kaizari Wilhelm wa Pili alianzisha nishani kwa waliopigana katika makoloni, na mapigano ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya 1905 hadi 1907 yalikuwa miongoni mwa yaliyotunukiwa. Askari alipewa nishani ya vita kwa kumpiga mtu ambaye, kwa tukio lile lile, alinyongwa kama mhalifu.

Tena waliotumia njaa kama silaha walikuwa wao. Vikosi vya Wajerumani na askari wao vilipita vikichoma vijiji, vikichukua chakula ghalani na kuzuia watu kupanda, na Götzen na maofisa wake hawakuficha kwamba waliona njaa ndiyo itakayowamaliza wapiganaji wa msituni. Serikali ya Kijerumani ilikadiria Waafrika 75,000 waliokufa. Gwassa alifikia kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Kwa upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Nchi iliyobaki tupu iliingiwa na msitu, tembo na mbung'o. Waingereza walilipanua pori juu ya nchi hiyo, na miaka ya 1940 wakahamisha wengine waliobaki Liwale. Pori wakaliita kwa jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Mgeni anayekuja Rufiji kutazama wanyama na kusifu jinsi nchi isivyo na watu anatazama kazi ya vita hivyo pia.

Jambo la namna hii ukiliita rebellion, mauaji yote yanageuka kuwa hatua za kurudisha utulivu. Ndivyo walivyoandika wenyewe. Huko Namibia, mapigano ya Waherero na Wanama yaliyoanza 1904 yaliitwa na Wajerumani Aufstand vile vile. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kwamba yaliyotendwa kule yalikuwa mauaji ya kimbari. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa waliyotendewa wazee wetu. Hakuna nchi inayoomba msamaha kwa kuzima uasi kihalali.

Limebaki jibu ambalo hutoka kwa watu waliosoma zaidi, na wanalitoa wakitabasamu: "vita" ni jina la kisiasa, lilipikwa na TANU na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili taifa jipya lipate mashujaa. Upo ukweli ndani yake. Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa Desemba 1956 aliitaja Maji Maji, akieleza kwamba watu walipigana kwa kuwa hawakuamini kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala. Baada ya uhuru, wanafunzi wa chuo kikuu walitumwa vijijini mwaka 1968 na 1969 kukusanya simulizi za wazee. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Hao wote walikuwa na haja na historia ile.

Lakini jina ni la zamani kuliko haja yao. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyeishi nyakati hizo, alitunga utenzi mrefu juu ya mapigano yale, wala hakuutunga kama mfuasi wa maji. Ulipochapishwa 1957 na kamati ya Kiswahili ya serikali za kikoloni, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, Mwingereza, ulipewa jina la Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Hakukuwa na mkono wa TANU hapo. Kiswahili kilikuwa na jina lake tayari. Mtazame na Gwassa mwenyewe: mwaka 1968 yeye na John Iliffe walitoa kijitabu kilichosema rising, lakini alipomaliza utafiti wake wa udaktari mwaka 1973, baada ya miaka ya kukaa na wazee wa Umatumbi na Rufiji, kwenye jina la tasnifu akaandika Maji Maji War. Na Sunseri, aliyekosoa vikali jinsi historia ya kitaifa ilivyoipamba Maji Maji, makala yake ya 1997 juu ya nguruwe na njaa ya Uzaramo nayo inasema War. Mpinzani wa simulizi la kitaifa, kwa Kiingereza chake mwenyewe, hakuona sababu ya kuandika rebellion.

Upande wetu nao una la kurekebishwa, nami nalisema kwa kuwa wapo wanaoitetea vita kwa kuivimbisha. Si kweli kwamba kusini yote ilisimama kama mtu mmoja. Kiwanga, mtawala wa Kilombero, alikuwa upande wa Wajerumani. Wahehe wengi, miaka saba tu baada ya kifo cha Mkwawa, walipigana pamoja na Wajerumani. Wale askari 389 waliokufa walikuwa Waafrika, na waliochoma maghala ya Umatumbi kwa mikono yao walikuwa Waafrika. Wapiganaji nao waliua wasio na silaha: tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake, wakiwemo masista, waliuawa njiani kuelekea Liwale. Vita vyote vina mambo hayo. Hayavigeuzi kuwa uasi, na mwalimu asiogope kuyafundisha.

Sasa lipo somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Ninachowaomba waandishi wa vitabu vyake ni kutotafsiri kutoka Kiingereza kile ambacho Kiswahili kilikuwa nacho. Na kwa mwanafunzi ambaye bado anaulizwa swali lile kwa Kiingereza kwenye mtihani, aandike Maji Maji War, aeleze kodi, pamba na Ngarambe, na mtahini ampe alama zake zote.